Barza Zinafungwa, Watu Wananyamaza

Katika vitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya mahari, juu ya ngoma, juu ya majina ya mapacha, juu ya mwami na ng'ombe wake. Ni vizuri. Lakini kuna kitu kimoja tunachokipita kila siku kwa mguu, tunalala ndani yake, tunagombania urithi wake mbele ya tribinali, na hatukiandikii hata mstari mmoja. Kitu hicho ni nyumba. Na zaidi ni zile nyumba za kale za Bukavu, za Labotte, za Muhumba, za Nyalukemba, za Nguba, na zile za pembeni ya avenyu Lumumba, zenye kona za mviringo, barza ndefu, na madirisha ya duara kama ya meli. Zinapungua. Zingine zinabomolewa kwa siku mbili. Zilizo nyingi hazibomolewi: zinageuzwa kidogo kidogo, leo mlango, kesho ukuta, mpaka mwenye kuzijua zamani anasimama mbele ya lango na hazitambui tena.

Nasema wazi tangu mwanzo, ili msomaji asinielewe vibaya. Kugeuza nyumba si dhambi. Dhambi ni kugeuza bila kujua unaondoa nini. Na lawama ya kwanza simpi fundi, wala mama mwenye kufungua duka ndani ya barza yake ili watoto wapate minerval. Nawapa wale wenye kujiita walinzi wa desturi, wanaoona haya yote na kunyamaza, juu ya fikra moja mbovu: kwamba nyumba hizo si zetu.

1. «Ile ni mambo ya Wazungu»

Maneno haya tunayasikia kila mahali. «Ile ni mambo ya Wazungu, inatuhusu nini?» Tuyajibu kwa utulivu, kwa sababu ndani yake kuna ukweli fulani.

Ukweli ni huu. Mji wetu ulianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama kituo cha serikali ya Leopold kando ya ziwa. Mwaka 1927 ukapewa jina Costermansville, jina la mkubwa mmoja wa serikali ile, na jina hilo likakaa mpaka 1953, mji uliporudishiwa jina lake Bukavu, ambalo wazee wanasema linatoka katika neno la Mashi lenye kuhusu ng'ombe. Kati ya miaka ya 1930 na 1950 wakajenga vila, hoteli na shule kwa mtindo uliopendwa Ulaya wakati huo, mtindo wa ar deko: kuta nyeupe, mistari mirefu ya kulala, paa lililofichwa nyuma ya ukuta, kona iliyozungushwa kama mkono unaokunja mkeka. Mtu mweusi hakuwa na ruhusa ya kukaa Labotte, isipokuwa kama boyi, ndani ya kile kijumba cha nyuma kinachoitwa boyeri. Wengine wote walipangiwa Kadutu, na baadaye Bagira. Hakuna haja ya kuficha hayo, na mwenye kuimba «Bukavu ya zamani, Bukavu nzuri» bila kutaja boyeri anaimba nusu ya wimbo.

Lakini sasa tuhesabu pamoja. Wabelgiji walikaa ndani ya vila hizo miaka thelathini hivi, kwa zile za kwanza. Zile za mwisho walizikalia miaka mitano au sita tu, uhuru ukaja 1960. Sisi tunazikalia zaidi ya miaka sitini. Ndani yake tumezaa, tumeoa, tumelaza maiti zetu usiku wa matanga. Ndani yake watu walijificha chini ya vitanda mwaka 1967, wakati askari wa kukodiwa wa Schramme walipoushika mji kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja. Ndani yake walijificha tena 1996, tena 1998, tena mwezi wa sita 2004, tena mwezi wa pili 2025. Nani basi ana haki zaidi ya kusema «nyumba yangu»? Yule aliyekaa ndani yake wakati wa amani, au yule aliyezikaa wakati wa risasi?

Na mikono je? Mchora ramani alikuwa Mzungu, sawa. Lakini mawe ya msingi hayakujibeba yenyewe kutoka mlimani. Matofali hayakujichoma. Waliochanganya sima, waliopanga mawe ya kuta zinazozuia udongo pale Labotte na Nguba, waliopiga lipu laini ya zile kona za mviringo, ni watu wa nchi hii. Wengi wao hawakuruhusiwa kulala ndani ya kile walichojenga. Mwenye kubomoa kwa hasira ya ukoloni anabomoa kazi ya babu yake, wala si ya mkoloni.

Tuseme tena jambo moja. Maharage, mahindi na muhogo tunaokula kila siku vilitoka Amerika, vikavuka bahari. Gitaa nalo lilishuka kwenye meli. Lakini mwaka 2021 Unesco ilipoandika rumba kama urithi wa Kongo zote mbili, sikusikia mtu hapa Bukavu anasema warudishie Wazungu gitaa lao. Tulicheza. Kitu kinakuwa desturi ya watu kwa namna wanavyokitumia na kukipitisha kwa watoto, bila kuangalia sana meli iliyokileta.

2. Hakuna nyumba iliyozaliwa nzima

Kuna upande mwingine nao unakosea. Ni wale wanaotaka nyumba ibaki paka vile ilivyokuwa kwenye picha ya posta ya 1955. Hawa nao tuwajibu.

Nyumba ya jadi ya Bushi, ile ya mviringo iliyosukwa kwa miti, matete na nyasi, haikukaa mwaka hata mmoja bila kuguswa. Nyasi zilioza, zikabadilishwa. Nguzo iliyoliwa na mchwa ilitolewa, nyingine ikaingizwa. Mtoto wa kiume akioa, kijumba kingine kinasimama ndani ya boma, na shamba la ndizi linasogea. Watu hawakusema nyumba imekufa. Nyumba ni kama boma lenyewe: inaendelea kwa sababu inaguswa. Ila kila kilichobadilishwa kilibadilishwa na mtu anayejua kazi ya kile kilichokuwepo.

Hata huko Ulaya ni hivyo. Chukueni nyumba moja maarufu ya Uingereza, Kelmscott Manor, karibu na mto Thames. Ilijengwa na wakulima wenye mali miaka kama 1600. Baadaye, ndani ya karne ileile, wakaiongezea ubavu mwingine mrefu zaidi, wenye dari la juu zaidi, kwa sababu mali iliongezeka na mitindo ilibadilika. Hakuna aliyelia. Mwaka 1871 akaja kupanga humo mtu mmoja mwenye kupenda kazi za mikono, William Morris. Yeye alikasirishwa na jambo lingine: mafundi wa wakati wake waliokuwa wanakwangua kuta za makanisa ya kale na kuyarudisha eti kama yalivyokuwa mwanzoni, huku wanafuta kazi ya vizazi vyote vya katikati. Mwaka 1877 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale. Fundisho lao ni rahisi: tengeneza paa kabla halijavuja sana, simamisha ukuta unaoinama, na usidanganye umri wa nyumba. Sisi waswahili tulikwisha kulisema kwa maneno machache zaidi: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo mimi sitamcheka mtu aliyeweka manjanja juu ya paa la bapa. Mafundi wa ar deko walipenda paa la bapa, lakini mvua ya Bukavu haipendi. Maji yanalala juu ya beto, yanatafuta ufa, yanakula vyuma vya ndani. Kuweka paa la mteremko juu yake ni busara, kama mifereji imepangwa vizuri. Wala sitamcheka aliyegeuza garaje kuwa chumba. Vita vilipoanza vijijini, ndugu walishuka kutoka Walungu, Kabare, Kalehe, Shabunda, Mwenga. Mji uliojengwa kwa watu wachache sasa unakadiriwa kupita milioni moja. Ungewaweka wapi? Garaje iliyowapokea ndugu ina heshima kubwa kuliko garaje iliyobaki na gari moja la Mbelgiji.

3. Kugeuza na kuua

Sasa tufike penye uchungu. Ni namna gani basi kutenganisha kugeuza na kuua? Twende tukaangalie nyumba yenyewe, sehemu kwa sehemu.

Barza kwanza. Fundi hakuiweka kwa urembo tu. Inazuia jua la mchana lisiingie salo, inazuia mvua ya upepo isipige ukuta, na inaleta hewa ya ziwa ndani. Tena inafanya kazi nyingine ambayo Mzungu hakuifikiria na sisi tumeiongeza: ni mahali pa kupokea mgeni ambaye bado hajaingia, pa kukaa na wazee wakati wa kujadili mahari, pa kuweka viti vya matanga. Sasa tunaifunga kwa matofali, tunaweka mlango wa chuma, tunaandika «Butiki». Matokeo yake ni nini? Salo inakuwa giza, taa inawashwa saa nane ya mchana, kama umeme upo. Ukuta wa ndani unaota ukungu. Na mgeni anasimama kwenye matope. Mwenye haja ya duka anaweza kufunga upande mmoja kwa mbao zinazotolewa, akaacha mwingine wazi. Ni bei ndogo zaidi, na siku hali itakapokuwa nzuri mtoto wake ataifungua barza tena. Huo ndio mpaka wa kwanza: kugeuza kunakoweza kurudishwa, na kugeuza kusikorudi.

Pili, etaje. Mtu anarithi vila ya chini, anaona jirani amepandisha, naye anapandisha etaje mbili juu ya kuta ambazo zilipimwa kubeba paa lao tu. Chini hakuna nguzo, juu beto nzito. Tarehe 3 mwezi wa pili 2008, siku ya Mungu asubuhi, ardhi ilitikisika kwa nguvu ya karibu 6. Hapa Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi kuta zilianguka, watu walikufa, wengine wakiwa kanisani. Ziwa letu liko ndani ya bonde la ufa. Hilo litarudi, siku hatuijui. Nyumba ya kale iliyoachwa na uzito wake ina nafasi ya kusimama. Iliyobebeshwa mzigo usio wake inangoja siku tu. Hapa hatubishani tena juu ya uzuri. Ni maisha ya watu.

Tatu, bustani. Waliopanga mji kwenye zile rasi tano zinazoingia ziwani waliacha eneo kubwa la majani na miti kuzunguka kila nyumba. Tukasema ni anasa ya Wazungu, tukakata parsele vipande vinne, vipande sita. Lakini bustani ilikuwa ni sifongo. Maji ya mvua yalizama pale, na yaliyobaki yalishuka kwa mfereji wa mawe, ngazi kwa ngazi, nyuma ya kuta zenye matundu madogo ya kupumulia. Wengi wetu hatujui kazi ya matundu hayo. Tunayaziba kwa sima ili ukuta uwe safi. Ukuta unajaa maji mgongoni kama mama mjamzito, halafu siku moja unajifungua juu ya nyumba ya chini. Kila msimu wa mvua tunazika watu kwa udongo ulioporomoka, tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu tumwache kwanza, tuangalie mfereji.

Nne, boyeri. Hiki ndicho kinabomolewa mbele ya vyote, kwa sababu ni kidogo, kibaya, kinaaibisha. Mimi nasema kinyume: kikilindwa kitu kimoja ndani ya parsele, kiwe boyeri. Dirisha lake dogo, dari lake la chini, mlango wake unaotazama jiko na si ziwa, vinaeleza ukoloni kwa mtoto wa shule kuliko kitabu chochote. Vila bila boyeri ni picha nzuri. Vila pamoja na boyeri yake ni historia.

Na tano, tusisahau Bagira. Miaka ya 1950 shirika la serikali ya kikoloni lililoitwa Ofisi ya Sité za Afrika, lililoanzishwa 1952, lilijenga kule nyumba nyingi ndogo kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Nyumba hizo hakuna mtalii anayezipiga picha. Lakini nendeni muone namna familia zilivyozigeuza: jiko limesogezwa nyuma, chumba cha bibi kimeongezwa, ua umewekewa uzio wa maua, barza ndogo imezaliwa pale ambapo mchora ramani hakuiweka. Watu wa Bagira walipokea nyumba iliyopimwa na mtu mwingine, wakaipima upya kwa maisha yao. Hao ndio walimu wa somo hili. Mtaa mmoja wa Bagira unaonyesha ustadi wa kugeuza nyumba kuliko majumba mengi mapya ya vioo yanayojengwa leo pembeni ya ziwa.

4. Sheria iko, mikono haiko

Wengine watasema: «Wacha kutusumbua, hiyo ni kazi ya serikali.» Sawa, tuangalie serikali. Tangu tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 nchi yetu ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni, namba 71-016. Miaka miwili baadaye, tarehe 20 mwezi wa saba 1973, ikaja sheria ya ardhi, inayosema udongo wote ni wa serikali. Kwa karatasi, basi, hatukosi kitu. Kwa vitendo, nyumba za serikali zimekuwa zikitolewa mikononi mwa umma na kupita kwa mtu mmoja mmoja, na kila gavana, kila uasi, kila utawala ukija unaacha nyuma yake karatasi mpya juu ya parsele ileile. Mwenye karatasi asiye na hakika na kesho hawezi kutunza nyumba. Anavuna haraka: anakata miti, anauza kipande, anapandisha etaje, anapangisha. Ninyi mnaoshangaa kwa nini nyumba zinaharibika, anzeni hapo. Wasiwasi juu ya karatasi unakula nyumba zaidi ya mchwa.

Tena tujiulize kama taifa. Kongo ina maeneo matano kwenye orodha ya urithi wa dunia ya Unesco, moja likiwa jirani yetu, Kahuzi-Biega, lililoandikwa 1980. Yote matano ni misitu na wanyama. Jengo hata moja hakuna. Ni kama dunia inatuambia: kwenu kuna sokwe, watu hakuna. Na sisi tunakubali! Wenzetu wa Asmara, mji wa Eritrea uliojengwa kwa sehemu kubwa wakati wa Waitaliano, nao walikuwa na haki ya kuuchukia. Waliutunza, wakaandika majengo yake, na mwaka 2017 mji wao ukaingia kwenye orodha hiyo.

Lakini orodha peke yake haiponyi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikwa mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili 2020, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu kubwa na kuua watu, wakati mafundi wako ndani wanalitengeneza. Jina kubwa halikuzuia ukuta mchovu kuanguka. Kinachozuia ni kuziba mapema.

Na tusiseme kwamba hapa kwetu haiwezekani. Nendeni Lwiro, upande wa Katana. Taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947 iliweka makao yake pale, jumba kubwa lenye nguzo, mabaraza na maktaba. Wabelgiji waliondoka, jina likabadilishwa zaidi ya mara moja, vita vikapita mlangoni. Jumba bado lina watafiti wa CRSN, bado lina vitabu, na tangu 2002 pembeni yake wanatunza sokwe yatima. Limechoka, hilo linaonekana. Lakini linasimama kwa sababu halikuacha kuwa na kazi na watu. Alfajiri vilevile, shule ya Wajezwiti iliyofunguliwa 1938: vizazi na vizazi vimepita chini ya kuta zake, na wanafunzi wanazijua kama wanavyojua jina lao.

5. Tunachodai

Sitaki kumaliza kwa kulia. Nadai mambo manne, na yote yanawezekana bila kungoja Kinshasa.

Kwanza, vyama vya utamaduni, na hiki chetu mbele, vifanye daftari la nyumba: avenyu kwa avenyu, Ibanda, Kadutu na Bagira, picha ya mbele na ya nyuma, jina la fundi kama linajulikana, na hadithi ya waliokaa ndani. Simu za vijana wetu zina picha elfu za harusi. Ziwe na mia za nyumba.

Pili, mafundi wazee wanaojua bado kupiga lipu ya kona ya mviringo, kusimamisha ukuta wa mawe na kuacha matundu yake, waitwe wafundishe vijana. Wakifa, tutabaki na watu wanaojua kumwaga beto tu.

Tatu, komine isitoe ruhusa ya etaje juu ya nyumba ya kale bila mtu wa ufundi kupima msingi. Hilo si jambo la urembo. Ni la makaburi.

Nne, kila mwenye nyumba, kabla ya kuita fundi, ajiulize maswali matatu: kitu hiki ninachokiondoa kilikuwa na kazi gani? Mtoto wangu ataweza kukirudisha? Na maji yatapita wapi? Akipata majibu, ageuze kwa amani. Akikosa, angoje.

Mababu zetu walijenga kuta hizo na wakakatazwa kulala ndani. Sisi tunalala ndani. Itakuwa aibu ya namna gani kama wajukuu wataambiwa: waliokatazwa walijenga, walioruhusiwa wakabomoa?